Mbiyu Koinange

Peter Mbiyu Koinange (1907 – Septemba 1981) alikuwa mwalimu, mwandishi na mwanasiasa wa Kenya. Anajulikana kama mwanzilishi wa Chuo cha Walimu cha Githunguri, kilichofunguliwa mwaka 1939 kwa michango ya wazazi Waafrika bila ruzuku ya serikali ya kikoloni. Baada ya uhuru alikuwa waziri katika serikali ya Jomo Kenyatta kwa muda wote wa urais wake, na kwa miaka mingi alihesabiwa kuwa mmoja wa watu wenye nguvu zaidi nchini.

Maisha yake yanaonyesha suala lililosumbua wazazi wengi wa Afrika Mashariki katika karne ya 20: mzazi anayetoa fedha, ardhi na nguvu zake ili mtoto asome ana haki gani ya kuamua mtoto huyo afundishwe nini, kwa lugha gani na na nani?

Familia na utoto

Mbiyu alizaliwa Njunu, katika eneo la Kiambaa, wilaya ya Kiambu, kaskazini mwa Nairobi. Alikuwa mtoto wa kwanza wa kiume wa Koinange wa Mbiyu, aliyekuja kuwa Chifu Mkuu wa Kiambu. Kufuatana na desturi ya Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na ndiyo sababu mwana aliitwa Mbiyu. Jina la Peter alilipata kwa ubatizo.

Koinange mzee alizaliwa kabla ya kuwepo kwa shule za kizungu katika nchi ya Wakikuyu. Aliishi kuona ardhi kubwa ya Kiambu ikitwaliwa na walowezi, akaona pia kwamba mambo ya ardhi, kodi na kazi yaliamuliwa kwa maandishi ambayo watu wake hawakuweza kuyasoma. Akawa miongoni mwa machifu waliohimiza shule mapema, akawapeleka watoto wake mwenyewe. Siku hizo wazazi wengi waliona kumpeleka kijana shuleni ni kupoteza mchungaji wa mbuzi, na wengine waliogopa kwamba mtoto angerudi akiwa mgeni kwa watu wake. Kwa hiyo uamuzi wa chifu ulikuwa na uzito mbele ya majirani.

Mwaka 1931 Koinange mzee alikuwa mmoja wa Waafrika watatu kutoka Kenya waliokwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza iliyochunguza mpango wa kuunganisha makoloni ya Afrika Mashariki. Wenzake walikuwa Ezekiel Apindi na James Mutua.

Masomo

Mbiyu alianza masomo katika shule ya misheni ya Kianglikana karibu na nyumbani. Baadaye alisoma Buxton High School huko Mombasa, kisha akawa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa Alliance High School, iliyofunguliwa mwaka 1926 mahali paitwapo Kikuyu na umoja wa misheni za Kiprotestanti. Alliance ilikuwa shule ya kwanza ya sekondari kwa Waafrika nchini Kenya.

Mwaka 1927, akiwa na umri wa miaka 20 hivi, alisafiri kwenda Marekani. Kwa familia ya Kiafrika ya wakati ule hili lilikuwa jambo la ajabu: safari ilikuwa ya majuma kadhaa kwa meli, gharama ilikuwa kubwa, na barua moja ilichukua muda mrefu kufika. Baba alikubali kumwachia mwana huyo kwa miaka 11.

Mbiyu alianza katika Hampton Institute, jimbo la Virginia. Chuo hiki kilianzishwa mwaka 1868 kwa ajili ya Waamerika Weusi waliotoka utumwani, nacho kilijulikana kwa kuunganisha masomo ya darasani na kazi za mikono. Katika miaka ambayo Mbiyu alikuwa Virginia, wazazi Weusi wa majimbo ya kusini walikuwa wakichanga fedha, mbao na siku za kazi ili kujenga shule za vijijini, wakisaidiwa na mfuko wa mfanyabiashara Julius Rosenwald. Serikali za majimbo hayo zilitoa fedha kidogo sana kwa shule za watoto Weusi kuliko kwa shule za Wazungu.

Kutoka Hampton aliendelea na Ohio Wesleyan University, alikopata shahada ya kwanza, kisha Columbia University mjini New York, alikopata shahada ya uzamili mwaka 1936. Anatajwa kuwa Mwafrika wa kwanza kutoka Kenya kupata shahada ya ngazi hiyo. Alipitia pia Chuo Kikuu cha Cambridge na Taasisi ya Elimu ya London nchini Uingereza kabla ya kurudi Kenya mwaka 1938.

Shule za kujitegemea za Wakikuyu

Mbiyu alikuta Kiambu, Murang'a na Nyeri zimebadilika. Hadi miaka ya 1920 karibu shule zote za Waafrika zilikuwa mikononi mwa misheni. Serikali ilitoa ruzuku na kukagua, lakini mmisionari ndiye aliyechagua walimu, masomo na masharti ya kumpokea mtoto. Wazazi walijenga majengo na kulipa karo bila kuwa na kauli.

Malalamiko yao yalikuwa ya aina tatu. La kwanza lilihusu lugha. Wazazi wengi walitaka Kiingereza kifundishwe mapema, kwa sababu kilikuwa lugha ya ofisi, mahakama na ajira. Serikali na misheni zilipendelea lugha ya mama katika madarasa ya chini. La pili lilihusu kiwango cha elimu. Watoto wengi waliishia madarasa machache ya mwanzo, na masomo yalielemea kilimo na kazi za mikono. Wazazi walihisi kwamba watoto wao wanaandaliwa kuwa vibarua. La tatu lilihusu mila.

Suala la mila lilifikia kilele mwaka 1929. Baadhi ya misheni za Kiprotestanti ziliwataka waumini na walimu wao kukana ukeketaji wa wasichana. Waliokataa kuweka sahihi walitengwa na kanisa, walimu wakafukuzwa na watoto wao wakaondolewa shuleni. Watu wengi waliondoka kwa wakati mmoja. Wengine walitetea desturi yenyewe. Wengine hawakukubali tu kwamba mgeni aamue mambo ya nyumba zao kwa kutumia masomo ya watoto kama fimbo.

Waliotoka walianza kufundisha watoto wao chini ya miti na katika vibanda vya udongo na nyasi. Kila mahali kulikuwa na kamati ya wazee na wazazi iliyotafuta kiwanja, kuajiri mwalimu na kukusanya karo. Mwaka 1934 shule nyingi ziliungana katika Kikuyu Independent Schools Association, iliyojulikana kwa kifupi KISA. Nyingine, hasa za Kiambu, zilikuwa chini ya chama kilichoitwa Karinga, chenye msimamo mkali zaidi dhidi ya misheni. KISA ilikubali kufuata mtaala wa serikali na kukaguliwa, ilimradi uendeshaji ubaki kwa kamati za wenyewe.

Wakikuyu hawakuwa wa kwanza. Huko Nyanza, John Owalo alikuwa ameanzisha kanisa la Nomiya na shule zake mapema zaidi katika karne hiyo. Lakini ni katika nchi ya Wakikuyu ambako shule za namna hii zilienea zaidi.

Kuanzishwa kwa Githunguri

Shule za kujitegemea zilikuwa na tatizo moja kubwa: walimu. Waliokuwa na mafunzo walitoka misheni au vyuo vya serikali, na wengi waliogopa kupoteza kazi. Kamati nyingi ziliajiri vijana waliomaliza madarasa machache tu. Mzazi aliyemtoa mtoto wake misheni kwa sababu ya elimu duni alijikuta akilipia elimu iliyokuwa duni vilevile.

Mbiyu alirudi nyumbani akiwa na elimu kuliko Mwafrika mwingine yeyote wa eneo hilo. Badala ya kuajiriwa na serikali au misheni alikubaliana na baba yake na viongozi wa shule za kujitegemea kuanzisha chuo cha kufundisha walimu. Chuo kilifunguliwa Januari 1939 huko Githunguri, Kiambu, naye akawa mkuu wake wa kwanza.

Ingawa kiliitwa chuo cha walimu, Githunguri kilikuwa na ngazi zote kwa pamoja. Kulikuwa na madarasa ya msingi, ya sekondari na ya ualimu katika eneo moja. Wengi wa wanafunzi walikuwa Wakikuyu, lakini wengine walitoka sehemu nyingine za Kenya. Waliomaliza ualimu walipelekwa katika shule za vijijini zilizochangia chuo.

Michango ya wazazi

Chuo hakikuwa na ruzuku ya serikali. Kilitegemea karo na michango. Mbiyu na wenzake walitumia mpango uliokuwepo tayari katika jamii, yaani marika. Kwa Wakikuyu, watu waliotahiriwa kipindi kimoja ni rika moja. Wanaitana ndugu na wana wajibu wa kusaidiana maisha yote. Marika yalipewa sehemu zao za kujenga, nayo yakashindana. Rika moja liliposikia kwamba jingine limetoa zaidi, liliona aibu na kurudi kuchanga tena.

Waliokosa fedha walitoa mbuzi, mazao, mawe ya kujengea au siku za kazi. Mikutano ya kuchangisha ilikuwa kama sherehe, ikiwa na nyimbo, hotuba na kutajwa hadharani kwa jina la kila aliyetoa. Wanawake walijipanga wenyewe na kuchangia bweni la wasichana. Jambo hili lilikuwa na maana kubwa, kwa kuwa katika miaka hiyo wasichana walikuwa wachache sana katika madarasa ya juu, na wazazi wengi waliogopa kuwaruhusu kulala mbali na nyumbani bila mahali salama.

Faida ya mpango huu haikuwa majengo peke yake. Mzazi asiyejua kusoma, ambaye katika shule ya misheni alikuja tu alipoitwa kwa sababu ya karo au utovu wa nidhamu wa mtoto, huku alikuwa na haki ya kuuliza. Alijua shilingi yake ilikwenda katika ukuta upi. Alikaa katika mkutano uliomjadili mwalimu, na aliweza kuona watoto wake na wa jirani wakifundishwa na Waafrika wenzao.

Udhaifu nao ulikuwepo. Fedha hazikutosha kwa ukubwa wa mipango. Mishahara ya walimu ilichelewa, vitabu na vifaa vilikuwa vichache, na utunzaji wa hesabu ulilalamikiwa. Viongozi wa vyama vya shule waligombana kuhusu madaraka na kuhusu makanisa. Pia mchango ulipotangazwa mbele ya watu wote, ilikuwa vigumu kwa maskini kukataa.

Kenyatta huko Githunguri

Jomo Kenyatta alirudi Kenya Septemba 1946 baada ya kukaa Ulaya miaka 15. Alijiunga na Githunguri, na Mbiyu alipokwenda tena Uingereza mwaka 1947 Kenyatta alishika uongozi wa chuo. Mwaka huohuo alichaguliwa kuwa rais wa Kenya African Union (KAU). Alimwoa Grace Wanjiku, binti wa Koinange mzee na dada wa Mbiyu kwa baba. Mke huyo alifariki mwaka 1950 baada ya kujifungua.

Kuanzia hapo mikutano ya wazazi na mikutano ya siasa ilikaribiana sana. Watu waliokuja kuchangia darasa walisikia pia habari za ardhi, kodi na kipande. Serikali ya kikoloni ilianza kukiona chuo kama kiota cha upinzani.

Mvutano na serikali

Mwaka 1949 kamati iliyoongozwa na Leonard Beecher ilitoa taarifa juu ya elimu ya Waafrika. Ilipendekeza ukaguzi na usimamizi mkali zaidi wa shule, ilisisitiza mafundisho ya Kikristo chini ya misheni, na ilikubali kwamba watoto wengi wangeishia baada ya miaka minne ya shule. Serikali ilipokea mapendekezo hayo.

Katika shule za kujitegemea taarifa hiyo ilipingwa vikali. Wazazi waliiona kama njia ya kuwanyang'anya shule walizojenga na kuwafungia watoto mlango wa elimu ya juu. Maofisa wa elimu nao walikuwa na hoja yao: shule nyingi zilikuwa na walimu wasio na mafunzo, na mtoto aliyelipiwa karo alistahili mwalimu bora. Hoja zote mbili zilikuwa na ukweli ndani yake. Lakini pande hizo hazikuaminiana tena.

Mwaka 1951 KAU ilimtuma Mbiyu pamoja na Achieng Oneko kwenda London kuwasilisha madai ya Waafrika kuhusu ardhi. Oneko alirudi. Mbiyu alibaki, naye hakuiona Kenya tena kwa takriban miaka kumi.

Kufungwa kwa shule

Tarehe 20 Oktoba 1952 gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari ili kupambana na Mau Mau. Kenyatta alikamatwa usiku huohuo, na baadaye akahukumiwa huko Kapenguria. Koinange mzee alishtakiwa kuhusiana na kuuawa kwa Chifu Waruhiu, aliyepigwa risasi tarehe 7 Oktoba. Mahakama ilimwona hana hatia, lakini serikali ilimweka kizuizini kwa miaka mingi. Aliachiwa akiwa mgonjwa na mzee sana, akafariki mwaka 1960. Mwanawe hakuwa karibu naye katika miaka hiyo yote.

Serikali ilifunga chuo cha Githunguri na shule za KISA na Karinga. Baadhi zilifunguliwa tena baadaye chini ya misheni au bodi za elimu za wilaya, nyingine zilibomolewa. Maelfu ya watoto walikosa masomo kwa muda mfupi au kwa moja kwa moja. Wengi wao walikuwa katika familia ambazo baba alikuwa kizuizini na mama alihamishwa kwa nguvu katika vijiji vyenye ulinzi.

Eneo la chuo lilitumiwa na serikali, na Githunguri ikawa mojawapo ya mahali ambapo watu waliohukumiwa kifo katika kesi za Mau Mau walinyongwa. Katika kipindi chote cha hali ya hatari zaidi ya Wakenya 1,000 walinyongwa kwa amri ya mahakama. Kwa wazazi waliobeba mawe ya kujengea chuo, kumbukumbu hiyo ilikuwa chungu.

Uhamishoni

Mbiyu aliishi London wakati wa hali ya hatari, akieleza habari za Kenya kwa wabunge, vyama vya wafanyakazi na magazeti. Mwaka 1955 kitabu chake The People of Kenya Speak for Themselves kilichapishwa mjini Detroit, Marekani. Kitabu hiki kidogo kinaeleza jinsi watu wa kawaida walivyojenga Githunguri. Kiliandikwa wakati ambapo magazeti mengi ya Ulaya yaliwachora Wakikuyu kama watu waliokataa maendeleo. Mbiyu alitumia historia ya shule kuonyesha kinyume chake: watu hao walitaka elimu kiasi cha kuilipia mara mbili, kwanza kwa kodi na kisha kwa michango.

Baadaye alikwenda Ghana, iliyopata uhuru mwaka 1957, akafanya kazi katika serikali ya Kwame Nkrumah kwenye ofisi iliyoshughulikia masuala ya Afrika. Mwaka 1960 jina lake lilizua mzozo katika mkutano wa Lancaster House mjini London kuhusu katiba ya Kenya, kwa sababu wajumbe Waafrika walimtaka awe mshauri wao na Waingereza walikataa kumpokea. Baada ya kurudi Afrika Mashariki alikuwa katibu mkuu wa PAFMECSA, umoja wa vyama vya ukombozi vya Afrika Mashariki, Kati na Kusini. Umoja huo ulikuwa umeanzishwa Mwanza mwaka 1958 kwa jina la PAFMECA.

Waziri wa serikali huru

Kenya ilipopata madaraka ya ndani mwaka 1963, Mbiyu aliingia bungeni na kuwa Waziri wa Nchi wa masuala ya Umajumui wa Afrika. Kuanzia Desemba 1964 hadi 1966 alikuwa Waziri wa Elimu.

Alishika wizara wakati nchi inapokea taarifa ya tume ya Simeon Ominde, iliyopendekeza elimu iunganishe watoto wa rangi zote na ilenge mahitaji ya taifa. Wakati huohuo wazazi kote nchini walikuwa wakijenga shule za sekondari kwa wito wa harambee. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960 shule za sekondari zisizosaidiwa na serikali zilikuwa nyingi kuliko zile zilizosaidiwa.

Hivyo mwanzilishi wa Githunguri alijikuta upande wa pili wa meza. Wizara yake ilipaswa kutazama mamia ya kamati za wazazi zilizojenga kwanza na kuomba walimu baadaye. Serikali huru nayo iliona matatizo yaleyale ambayo maofisa wa kikoloni waliyataja: walimu wasio na mafunzo, maabara zisizo na vifaa, na mitihani iliyowashinda wanafunzi wengi. Tofauti ni kwamba serikali hiyo ilihitaji kura za wazazi haohao, na haikuweza kuzifunga shule zao. Ilizichukua kidogo kidogo kwa kuzipa walimu na ruzuku.

Harambee ilirudia pia udhaifu wa zamani. Sehemu zenye kahawa, chai na watu wenye mishahara zilijenga shule nyingi. Wilaya kame za kaskazini zilijenga chache. Mchango wa wazazi uliongeza elimu, lakini haukuigawa sawa.

Miaka ya mwisho

Kuanzia 1966 Mbiyu alikuwa Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Rais, akishughulikia usalama na utawala. Alikuwa karibu sana na Kenyatta, na wapinzani walimtaja kama mmoja wa viongozi wa kundi la Kiambu, yaani wanasiasa wa wilaya hiyo waliolaumiwa kwa kushika madaraka na mali nyingi. Katika miaka hiyo hakuonekana tena kama kiongozi wa elimu.

Kenyatta alifariki tarehe 22 Agosti 1978. Rais mpya, Daniel arap Moi, alimwondoa Mbiyu katika Ofisi ya Rais na kumpa wizara nyingine. Katika uchaguzi wa mwaka 1979 alishindwa katika jimbo la Kiambaa na mfanyabiashara Njenga Karume. Alifariki Septemba 1981.

Umuhimu wake katika historia ya elimu

Wanahistoria hutazama maisha ya Mbiyu Koinange kwa namna mbili. Wengine huangalia zaidi mwanasiasa wa miaka ya 1970 na utajiri wa familia yake. Wengine huangalia mwalimu wa mwaka 1939. Kwa historia ya elimu, Githunguri inabaki kuwa kazi yake kubwa zaidi, ingawa ilidumu miaka 13 tu.

Kabla yake kamati za wazazi ziliweza kuanzisha shule ya kijiji. Githunguri ilionyesha kwamba wazazi wasio na elimu wangeweza kumiliki hata chuo, na kwamba mchango wao unadumu pale wanapokuwa na sauti. Ilionyesha pia mipaka ya jambo hilo. Wazazi waliweza kujenga ukuta na kulipa karo, lakini mafunzo ya walimu, vitabu na usawa kati ya maeneo vilihitaji serikali inayoaminika.

Mwendo kama huu ulionekana katika nchi jirani. Tanganyika ilikuwa na maeneo mengi, kwa mfano nyanda za juu za Ufipa, ambako shule nyingi zilikuwa za misheni ya Kikatoliki. Mwaka 1955, mwaka mmoja baada ya kuundwa kwa TANU, ilianzishwa Tanganyika African Parents Association (TAPA), chama cha wazazi kilichofungua shule kwa watoto waliokosa nafasi. Chama hicho ndicho asili ya Jumuiya ya Wazazi ya CCM. Tanzania ilipoamua mwaka 1974 kuleta elimu ya msingi kwa watoto wote, wanavijiji walitoa nguvukazi kujenga madarasa na nyumba za walimu. Hapo, tofauti na Githunguri, mtaala na walimu vilikuwa vya serikali tangu mwanzo.

Nje ya Afrika, mwaka 1931 Mbiyu akiwa bado mwanafunzi Marekani, wazazi wahamiaji kutoka Meksiko huko Lemon Grove, California, walikataa kuwapeleka watoto wao katika shule ya kutengwa waliyojengewa bila kuulizwa. Walikwenda mahakamani na kushinda. Wengi wao walikuwa vibarua wa mashambani, na lugha yao haikuwa ile ya walimu. Hali yao ilifanana na ya wazazi wa Kiambu: walidhaniwa hawajali shule, kumbe walikuwa hawajasikilizwa.

Siku hizi sheria ya elimu ya Kenya ya mwaka 2013 inatambua wawakilishi wa wazazi katika bodi za shule, na Tanzania ina kamati za shule zenye wazazi ndani yake. Nafasi ambayo watu wa Githunguri waliipigania imo sasa katika sheria. Namna inavyotumika hutofautiana kati ya shule na shule, kutegemea kama wazazi wanaitwa ili kuamua pamoja na walimu au ili kusomewa kiasi cha mchango tu.